Waya Juu ya Muhogo

Ndugu wakulima na wavuvi, kutoka Zinga hadi bwawa la Kidatu ni safari ya kutwa. Unapita Bunju na Ubungo, unaukata mkoa wa Pwani, unaiacha Morogoro nyuma, na ukifika Mikumi unapinda kushoto kuelekea Mto Ruaha Mkuu. Umeme hauchukui kutwa. Unafika kabla hujapepesa jicho. Lakini umeme nao una barabara yake, na barabara hiyo ni nyaya zilizoning'inia juu ya mashamba ya watu: ya muhogo, ya mpunga, ya mikorosho. Hao watu walio chini ya waya ndio tunaotaka kuzungumza habari zao leo.

Swali lao ni moja, na ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Ule umeme unaopita juu, je, unamdhuru aliye chini hata kama hakuugusa? Mtu akiugusa hapana ubishi, maana kila mmoja anajua yatakayompata. Tunauliza juu ya mama anayepalilia chini ya waya kila msimu, na mtoto anayelala katika nyumba iliyo hatua 30 kutoka kwenye mnara. Wako wanaosema hofu hiyo ni ushamba tu. Wako wanaosema serikali inaficha jambo. Wote wawili tutawaomba wakae kwanza, tufuate historia.

Tuelewane maneno. Katika waya wa umeme kuna mambo mawili. Kuna msongo, yaani ile nguvu inayousukuma umeme, mfano wa tangi la maji lililowekwa juu ya mnara: maji yanasukuma hata kama bomba limefungwa. Msongo hupimwa kwa volti, na volti 1,000 ni kilovoti moja. Halafu kuna mkondo, yaani umeme wenyewe unaotiririka, kama maji baada ya bomba kufunguliwa. Msongo huzaa kitu ambacho walimu wa fizikia wanakiita uga wa umeme. Mkondo huzaa uga wa sumaku. Uga ni eneo lile ambalo nguvu ya kitu hufika ingawa kitu chenyewe hakikufika. Jiko la mkaa huligusi, lakini joto lake unalipata. Basi na waya ni hivyo hivyo, ila hapa ngozi haina habari.

Tena nyuga hizi mbili tabia zao ni tofauti. Ule wa umeme huzuiwa na ukuta, na paa, hata na mwembe mnene. Ule wa sumaku haujali ukuta wa udongo wala wa tofali, unapita. Na kwa kuwa unafuata mkondo, hupanda saa za jioni watu wa mjini wanapowasha taa na kupika, ukashuka usiku wa manane. Tushike hilo, maana ugomvi wote wa wataalamu uko juu ya uga wa sumaku.

Sasa turudi kwetu. Umeme wa kwanza Dar es Salaam uliwashwa na Wajerumani mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wao. Mwaka 1931 Waingereza walitunga Sheria ya Umeme, na makampuni mawili yakaanzishwa, DARESCO kwa ajili ya Dar es Salaam na TANESCO kwa sehemu nyingine. Katikati ya miaka ya 1930 maporomoko ya Pangani yakafungwa mitambo. Umeme wake ulikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na mwingine ukavuka mpaka hadi Mombasa. Baada ya uhuru ikaja Hale mwaka 1964, Nyumba ya Mungu mwaka 1968, na Kidatu mwaka 1975. Hale ndiyo iliyoleta waya wa kilovoti 132 ukishuka kutoka Tanga, ukapita Chalinze hadi Ubungo, yaani ukaipasua wilaya ya Bagamoyo upande wa bara. Kidatu ikaleta waya wa kilovoti 220, karibu kilomita 300 mpaka Ubungo.

Hapo pana jambo la kuangaliwa. Sheria iliyotawala nguzo zote hizo ilikuwa ile ile ya 1931, na iliendelea kutumika mpaka mwaka 2008. Miaka 77! Ilihesabu leseni, mita na adhabu za wezi wa umeme. Haikumuuliza mtu wa chini ya waya neno. Mpimaji alikuja na fimbo zake za bendera, njia ikanyooshwa, na mazungumzo yaliyokuwepo, kama yalikuwepo, yalikuwa ya fidia: mkorosho huu una umri gani, ule umeshazaa mara ngapi. Habari za uga hazikuwemo. Wala hatuwezi kuwalaumu sana watu wa wakati ule, kwa sababu Hale ilipowashwa swali lenyewe lilikuwa halijatoka mdomoni mwa mtu wa kawaida popote duniani. (Lawama nyingine ipo, lakini ni ya siku nyingine: vijiji vingi vilivyopitiwa na nyaya hizo viliendelea kuwasha koroboi kwa miaka mingi huku umeme ukipita juu ya paa.)

Swali lilitoka wapi, basi? Lilitoka kwa wakulima wenzenu, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kaskazini ya jimbo la New York, Marekani, na lilitoka kwa ajili ya umeme wa maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umeme la jimbo lile lilitaka kununua umeme wa mabwawa ya Quebec, nchini Kanada. Likaomba leseni ya kujenga njia ya kilovoti 765 kutoka mpakani kuteremka kusini mpaka mahali paitwapo Marcy. Kilovoti 765, ndugu zangu, ni zaidi ya mara tatu ya msongo wa Kidatu. Makampuni mengine mawili nayo yakaomba njia ya namna hiyo hiyo.

Leseni kule ilitolewa na Tume ya Huduma za Umma ya jimbo, chombo kinachofanana na EWURA yetu. Tume ikaitisha baraza la kusikiliza hoja. Kawaida ya mabaraza kama hayo ni kubishania njia: ipite huku, isipite kule, inaharibu msitu, inaharibu mandhari. Safari hii likatokea la afya. Daktari mmoja wa mifupa, Robert Becker, na mtafiti aliyefanya naye kazi, Andrew Marino, waliokuwa wakichunguza namna umeme unavyogusa viumbe hai, walisimama wakaeleza kwamba panya waliowekwa ndani ya uga katika maabara walionyesha mabadiliko ya mwili. Mwaka 1972 wataalamu wa Urusi ya Kisovieti nao walikwisha toa taarifa kwamba wafanyakazi wa vituo vyao vya umeme mkubwa wanalalamika kichwa kuuma na uchovu. Makampuni yakaleta wataalamu wao kupinga. Mawakili wakahoji, wakahojiwa. Kesi ilichukua miaka, na ushahidi ukajaza maelfu ya kurasa.

Na huku maneno yakiendelea, nguzo zilikuwa zinasimikwa. Mwaka 1976 tume iliruhusu ujenzi uanze kabla swali la afya halijaamuliwa. Ukiwa mkulima umesimama kwenye uzio wako, mnara umekwisha simama, hata hukumu ikija kesho kuna faida gani? Wakulima wa kule waliona hivyo, wakaandamana, wengine wakakamatwa. Mimi naona walikuwa na haki ya kukasirika, hata kama sayansi ilikuwa bado haijasema neno la mwisho.

Hukumu ilitoka mwaka 1978, nayo inafaa kuelezwa vizuri kwa sababu ni mfano wa mtu mwenye busara anayelazimika kuamua gizani. Tume ilisema: hatukuthibitishiwa kwamba waya huu unaleta ugonjwa, wala hatukuthibitishiwa kwamba hauleti. Njia itumike. Lakini mkuza wake, yaani ule ukanda wa ardhi chini ya waya, uwe mpana zaidi, na ukingoni mwa mkuza uga wa umeme usizidi kilovoti 1.6 kwa kila mita. Kwa nini 1.6? Watu wengi hudhani namba ya namna hiyo ndipo sumu inapoanzia. Hapana. Tume ilitazama njia za kilovoti 345 zilizokuwa zimekaa miaka mingi miongoni mwa watu, ikasema njia mpya isimletee jirani uga mkubwa kuliko aliokwisha uzoea. Ni hesabu ya tahadhari. Juu ya hayo, makampuni yakaamriwa kutoa dola milioni 5 za kufanyia utafiti, na taarifa ya utafiti huo ikatoka mwaka 1987.

Kabla utafiti huo haujaanza, likatokea la Denver. Mwaka 1979 Nancy Wertheimer na mwenzake Ed Leeper walichapisha kazi yao juu ya watoto waliokufa kwa saratani katika mji ule. Bibi Wertheimer hakuwa na kipimo cha gharama kubwa. Alitembea mtaa kwa mtaa akitazama nyaya: hapa nene, hapa nyembamba, hapa pana transfoma. Akaona nyumba za watoto waliougua zilikuwa karibu na nyaya zenye mkondo mkubwa, kiasi cha mara mbili au tatu kuliko za watoto wazima. Wengi walicheka. Nyaya zenyewe zilikuwa za mtaani, si za kilovoti 765. Lakini fedha za New York ziliporudi Denver kumpa mtafiti mwingine, David Savitz, auchunguze mji ule ule kwa vipimo bora, naye akakuta kitu, ingawa kidogo zaidi. Cheko likapungua.

Baadaye Waswidi, ambao nchi yao hupata umeme mwingi kutokana na maji ya kaskazini na kuushusha kusini kwa nyaya ndefu, wakafanya kazi kubwa kuliko zote za wakati ule. Maria Feychting na Anders Ahlbom walichukua kila mtu aliyeishi ndani ya mita 300 za njia za kilovoti 220 na 400 kati ya mwaka 1960 na 1985. Watu karibu 440,000. Matokeo yalitangazwa mwaka 1992, na magazeti yakapiga kelele: watoto wenye uga mkubwa nyumbani wana hatari ya saratani ya damu mara mbili na zaidi. Ni kweli ndivyo ilivyoandikwa. Lakini watoto wote wenye saratani ya damu katika kundi hilo la watu laki nne na zaidi walikuwa 39, na waliokuwa katika uga ule mkubwa walikuwa saba. Saba! Kila mmoja ni msiba wa nyumba nzima, hilo halipingiki. Ila kwa mtu wa hesabu, wangekuwa wanne badala ya saba, habari nzima ingebadilika.

Mwaka 2000 watafiti wakakusanya hesabu za nchi nyingi pamoja. Wakaona kwamba chini ya mikrotesla 0.4, hicho ndicho kipimo cha uga wa sumaku, hapana hatari inayoonekana. Juu ya hapo, ambako ni nyumba chache sana zinazofika, saratani ya damu ya watoto huonekana kuwa kama maradufu. Mwaka uliofuata jopo la Shirika la Afya Duniani linaloshughulika na saratani likauweka uga huo katika kundi liitwalo 2B, maana yake huenda unasababisha saratani, ushahidi ni mdogo. Msiogope jina la kundi peke yake. Kahawa yetu ya Kilimanjaro na Kagera ilikaa katika kundi hilo hilo tangu 1991 mpaka 2016 ilipotolewa, na wazee wa Bukoba walikuwa wanaitafuna tu.

Uingereza wakaongeza utata. Mwaka 2005 walikuta watoto waliozaliwa karibu na njia kubwa wana saratani ya damu zaidi kidogo, hata mita 200 mpaka 600 kutoka kwenye waya, mahali ambapo uga wa waya umeshafifia kabisa. Waliporudia hesabu mwaka 2014 wakaona tofauti hiyo ilikuwa ya miaka ya 1960 na 1970, halafu ikayeyuka. Lakini uga wa nyaya haukuyeyuka. Kwa hiyo huenda kilichokuwa kinawadhuru watoto wale ni kitu kingine kilichokaa karibu na nyaya, kwa mfano aina ya watu waliohamia huko au maisha yao. Huo ndio mwisho wa barabara mpaka sasa: dalili ndogo isiyokwisha, na chanzo ambacho hakuna aliyekishika mkononi. Maabara nazo hazikuonyesha njia ambayo uga mdogo kama huo ungeweza kuzaa saratani.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Chini kabisa ya njia kubwa uga wa sumaku unaweza kufika kama mikrotesla 20. Dunia yenyewe ina sumaku, ndiyo inayoelekeza dira ya nahodha, nayo ni kati ya 25 na 65. Ila hiyo imetulia, na ya waya hupinduka na kurudi mara 50 kila sekunde. Ukitoka chini ya waya, mita 50 mpaka 100, uga unashuka mpaka ukawa kama wa nyumba yoyote isiyo na njia kubwa jirani. Mpaka uliowekwa na tume ya kimataifa ya wataalamu wa mionzi isiyovunja chembe kwa watu wa kawaida ulikuwa mikrotesla 100 mwaka 1998, ukapandishwa kuwa 200 mwaka 2010. Angalia pengo lililopo. Mpaka ni 200, hofu iko 0.4. Mpaka umewekwa kuzuia madhara yanayojulikana, ya mishipa ya fahamu kushtuka. Haukuwekwa kwa ajili ya ile dalili ya watoto, kwa sababu haijathibitishwa. Kwa hiyo mhandisi akisema "tuko chini sana ya mpaka", anasema kweli. Na mama mwenye mtoto akisema "hujajibu swali langu", naye anasema kweli.

Mahakama ifanye nini katika hali kama hiyo? Waliojibu vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Wapakistani. Mwaka 1992 wakazi wa mtaa mmoja wa Islamabad walimwandikia barua jaji wa Mahakama Kuu kabisa ya nchi yao. Shirika la maji na umeme, WAPDA, lilikuwa linajenga kituo cha umeme mkubwa karibu na nyumba zao, mahali palipotengwa kuwa pa miti. Barua ikageuzwa kesi, inayojulikana kwa jina la Shehla Zia. Tarehe 12 Februari 1994 mahakama ilisema katiba inalinda uhai, na uhai si kupumua tu. Ilikiri kwamba sayansi haijakata shauri. Haikukivunja kituo. Iliteua wataalamu wakikague, na ikaamuru jambo moja ambalo sisi watu wa redio tunalipenda sana: tangu siku hiyo, kabla ya kujenga kituo au njia ya umeme mkubwa, WAPDA itangaze katika magazeti, redio na televisheni, na isikilize pingamizi za wananchi.

Kwetu kesi ya waya ya namna hiyo siijui, lakini mlango wake ulikwisha funguliwa na takataka. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani kwa sababu ya moshi na uvundo wa jaa la Dar es Salaam, na mahakama ikawakubalia, ikasema haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba haiwezi kukaa pamoja na kumtia mtu moshi wa sumu. Halafu ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Hiyo ilileta mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, mradi mkubwa, na njia ya umeme mkubwa imo, lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza, na watu watakaoguswa waulizwe. La pili, kanuni ya tahadhari: kukosa uthibitisho kamili wa sayansi kusiwe kisingizio cha kuacha kuchukua hatua. Mwaka wa kabla yake, Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 iliipa tume mpya, TAEC, kazi ya kusimamia mionzi, hata ile isiyovunja chembe. Na mwaka 2008 Sheria mpya ya Umeme ikaizika ile ya 1931, leseni zikawa mikononi mwa EWURA.

Kwa nini yote haya yamhusu mtu wa Zinga leo? Kwa sababu umeme wa maji umekuwa mwingi kuliko wakati wowote. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na mitambo yake tisa ikakamilika 2025. Umeme wake hupanda kwa njia ya kilovoti 400, kilomita 160, mpaka Chalinze, na kutoka hapo unatafuta watumiaji. Pwani hii ya Bagamoyo ina watumiaji wengi wanaokuja. Zinga, Kiromo, Kondo, Pande na Mlingotini zilitiwa katika ramani ya eneo maalumu la uchumi, na watu wa huko wanajua vizuri maana ya kupimwa ardhi na kungoja fidia. Penye viwanda patakuja nyaya.

Tena msidhani ubaya wote uko upande wa kuwa na waya. Waya wa bahari uliotoka Ras Kiromoni, hapo kusini yenu kidogo, ukaenda Fumba mwaka 1980 kwa msaada wa Norwei, ulipoharibika mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kama mwezi mzima. Ulipoharibika tena Desemba 2009, giza lilikaa miezi mitatu, pampu za maji zikasimama, watu wakabeba ndoo. Wa pili, wa megawati 100, uliwekwa mwaka 2013. Wavuvi huuliza kama waya ule unafukuza samaki. Ala lake la chuma huuzuia uga wa umeme usitoke. Wa sumaku unatoka, lakini unafifia katika mita chache. Papa na taa wana viungo puani vya kuhisi umeme hafifu mno, kwa hiyo hao wanaweza kuutambua wakipita karibu. Kuutambua si kuukimbia. Nanga yako ina hatari zaidi kwa waya kuliko waya kwa changu wako.

Tukirudi nchi kavu, kuna mambo yasiyohitaji mtafiti wa Denver. Uzio wa seng'enge uliofuata njia ya umeme mkubwa kwa mbali hujichaji wenyewe. Usipouunganisha na ardhi kwa fito za chuma utakurusha. Kamba ya nguo ya waya ni hivyo hivyo, na trekta lenye matairi ya mpira lililosimama chini ya waya. Usijaze petroli pale. Bomba refu la kumwagilia lisisimamishwe wima, na kijana mwenye upembo mbichi asiangue embe karibu na waya. Usichome shamba chini yake, maana moshi mzito hufanya umeme uruke. Mnazi na mwembe havikai ndani ya mkuza. Kama muhogo na kunde vinaruhusiwa, hilo liandikwe, usiambiwe kwa mdomo.

Tuseme siku moja mkutano unaitishwa chini ya mwembe, na wataalamu wa mazingira wamekuja na makaratasi yao. Mara nyingi mkutano wa namna hiyo humalizika kwa neno fidia. Mzee mmoja anasimama: "Mwanangu, mimi nimekuelewa habari ya mikorosho. Sasa hebu niambie, nyumba ya binti yangu itakuwa mita ngapi kutoka kwenye waya wa mwisho, na uga wa sumaku kitandani pake utakuwa mikrotesla ngapi, saa ile mzigo wa umeme ni mkubwa kuliko zote?" Mtaalamu aliyefanya kazi yake ana jibu, kwa sababu namba hiyo hukokotolewa kabla ya kujenga. Akijibu "kidogo tu, mzee, usiwe na wasiwasi", hajafanya kazi.

"Na mkiusogeza mita 40 kuelekea barabarani?" Hapo mzee ameuliza swali lenye faida kuliko yote. Kusogeza mstari kwenye ramani ni kazi ya penseli. Kupanga nyaya tatu ziwe karibu karibu ili nyuga zake zipunguzane nako hufanyika kwenye meza ya mchoraji. Mnara ukishasimama, mambo hayo mawili yana bei ya mamilioni na hakuna atakayeyalipa. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika taarifa yake ya mwaka 2007, lilishauri hivyo: pale ambapo gharama ni ndogo, punguza uga, lakini usiinyime jamii umeme kwa ajili ya dalili isiyothibitishwa.

"Na vipimo baada ya kuwasha, vitachukuliwa na nani, na sisi tutavionea wapi?" Hilo la tatu liulizwe na mama, kwa sababu akina mama ndio wanaoshinda na watoto nyumbani. Mtendaji wa kijiji ayaandike maswali yote na majibu yake katika kitabu cha muhtasari, na tarehe, na majina ya waliojibu, na nakala iende kwenye taarifa ya tathmini kabla haijapelekwa kwenye kibali.